Machimboni Hakuna Mtu

4 Februari

Kwako Rula, binti wa marehemu dada yangu,

Huku tu wazima, tukiondoa goti la mkaza mjomba wako, ambalo linaamka kabla yake na kulala baada yake. Mdomo wake hauna tatizo. Tangu asubuhi ananiuliza kama nimeshakuandikia, na kalamu yenyewe nimeipata chini ya mfuko wa saruji. Binti yangu mkubwa amejifungua salama. Mtoto ni wa kike, tumempa jina la mama yako, na analia kama mtu aliyenyang'anywa haki. Chumba chako cha zamani nimekibadilishia mabati mawili yaliyokuwa yanavuja. Kitanda hatujakigusa.

Najua una simu, na mimi ninayo. Simu ni ya kujuliana hali. Jambo zito nalitaka kwenye karatasi, nilisome mara mbili, na siku mtu akiligeuza nimwonyeshe mwandiko wake.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu walikuja watu wawili wa fulana za njano, wakabandika tangazo kwenye ukuta wa shule, wakaondoka bila kusalimia. Mwalimu wa hesabu akatusomea. Kumbe ile miji sita mnayoiunganisha iwe jiji moja kubwa sasa ina ramani. Imepakwa rangi kama kitabu cha mtoto: kahawia ni makazi, zambarau ni viwanda, kijani ni bustani, na kijani chote kimejaa kule vilimani. Tukatafuta machimboni. Mwalimu akaweka kidole kwenye doa la kijivu. Pembeni kuna maelezo ya rangi, na kijivu kimeandikwa hivi: "Machimbo ya zamani. Ardhi isiyokaliwa." Chini yake: "Eneo lililotengwa kwa jalala kuu la jiji."

Watu kwanza walicheka. Mama muuza mkaa akasema, "Kumbe tumekufa na hakuna hata aliyetuzika." Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kila mmoja akabaki anaangalia nyumba yake.

Wewe unafanya kazi humohumo kwenye ofisi ya ramani. Nitafutie mpumbavu aliyechora karatasi hiyo. Sina nia ya kumpiga. Mkono huu umepiga mawe miaka thelathini na umechoka. Nataka umlete ale chakula cha mchana kwangu, ashibe, anawe mikono, kisha aniambie amekula kwa nani.

Ni mimi mjomba wako, ninayekaa mahali pasipokaliwa.


27 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia habari ya mtoto. Nimeirudia sehemu ile ya jina mara nyingi. Mpe pole mkaza mjomba, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na asibebe ndoo. Mimi mzima, ila kazi zimetuzidi. Tunaingia ofisini saa moja na kutoka kiza kikianza.

Barua yako imetumia siku kumi nzima. Kwenye ramani, kutoka kwako hadi mezani kwangu ni kiganja changu kimoja, lakini posta yenu inapeleka barua kwanza mji wa viwanda, kisha katikati ya jiji, kisha ndipo inarudi upande huu.

Kuhusu tangazo, naomba nikueleze mambo yalivyo. Jiji hili jipya lina watu milioni nne na laki tatu. Katikati, kwenye mji mkongwe, wanalala watu laki mbili tu, lakini mchana wanafika milioni. Viwanda viko kando ya reli. Kwenye tambarare ni nyumba mpya za safu, kaskazini ni mji wa chuo, mashariki uwanja wa ndege, magharibi vilima. Kila mji ulikuwa na jalala lake na yote yamejaa. Wakurugenzi wa miji sita walikaa mezani miezi minane, kila mmoja akikataa jalala likae kwake. Mwishowe wakakubaliana liwe mahali palipo mbali na ofisi zote sita. Ukipima kwa rula, mahali hapo ni machimboni.

Mpango umepitia ngazi nyingi, mjomba. Mchoraji hachagui, anaweka rangi kulingana na takwimu anazoletewa. Nakushauri, kwa nia njema, uanze kufikiria kuhama kabla ya mwezi wa saba. Kwenye tambarare kuna vyumba.

Nisalimie wote. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mpwa wako, Rula.


15 Machi

Rula,

Salamu zimefika na mtoto amebusiwa. Goti limekandwa. Seremala anakusalimu, na mama muuza mkaa anauliza utaolewa lini. Nimemwambia aulize takwimu.

Nimesoma barua yako mara mbili kama nilivyoahidi. Ya kwanza nilidhani posta wamekosea, wameniletea barua ya serikali. Ya pili ndipo nikaona mwandiko ni wako. Niliuliza jina la mtu mmoja, wewe ukanijibu kwa mamilioni.

Unanieleza jiji, mimi niliyelijenga? Ngoja nikueleze na mimi. Saa kumi na moja alfajiri machimboni panaamka. Wanawake mia mbili wanakwenda vilimani kufagia hizo bustani za kijani. Walinzi wanakwenda viwandani. Mafundi tunakwenda tambarare kujenga hizo nyumba za safu unazotaka nikapange. Mpishi wa chuo ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Hata mawe ya jengo unalokaa wewe yalitoka kwenye shimo hili hili. Babu yako aliyachonga. Kwa hiyo mchana sisi ni watu wa miji yote sita. Jioni tukirudi kulala ndipo tunakuwa si watu wa popote.

Na hilo si la leo. Miji mitatu inapakana hapa, na kila mmoja anasema sisi ni wa mwenzake. Unakumbuka karakana ya seremala ilipoungua? Ulikuwa darasa la sita. Magari ya zimamoto ya miji miwili yalikutana kwenye kalvati la mtaro, madereva wakabishana moto ni wa nani mpaka moto wenyewe ukajizimikia kwa kukosa cha kula. Ulilia kwa hasira siku ile. Ulisema ukikua utachora mpaka unaoeleweka.

Sasa wanasimika nguzo za zege kuzunguka mtaa mzima, zimepigwa muhuri wa jiji. Nguzo zenyewe zimemwagwa vizuri, hilo silikani, na usiniulize nimejuaje. Mbili ziko kwenye uwanja wa shule. Moja imesimama mlangoni kwa mama muuza mkaa, anatoka nyumbani kwake kiubavu.

Mimi sihami. Mwalimu anakuja huko kwenu wiki ijayo kuomba nakala kubwa ya ramani. Kwa kuwa wewe jina la mchoraji limekukwama kooni, atauliza mwenyewe.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mwalimu amerudi.

Alimuuliza mzee wa mapokezi nani alichora upande wa machimboni. Mzee akamjibu bila kusita: "Ni yule dada mrefu wa ghorofa ya tatu. Binti mzuri, mpole. Anatoka vilimani."

Mwalimu akadhani amekosea, akauliza tena. Akaambiwa, "Ndiyo, vilimani, anakaa kwa mjomba wake."

Amenisimulia mbele ya mkaza mjomba wako. Yule mwanamke aliyekuosha, aliyekusuka, aliyekaa macho ulipougua surua, aliinuka akaingia chumbani kwako akafunga mlango. Mpaka sasa hajasema neno, na wewe unajua mdomo wa mke wangu.

Nilikuita Rula kwa sababu ulipokuwa mdogo hukuweza kuvumilia mstari uliopinda. Ulinifuata kwenye kazi na kunifanya nibomoe kona ya ukuta wa watu kwa kuwa ilipotoka kidole kimoja.

Usiniandikie takwimu. Niandikie ulikuwa unafikiria nini.


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, hata kama hutaki kuiitikia. Sijui nimsalimu vipi mkaza mjomba. Nimeanza sentensi yake mara nne.

Ni mimi niliyechora. Nilijua ni mimi unayemtafuta tangu barua yako ya kwanza, niliposoma neno mpumbavu.

Ulitaka nilichokuwa nafikiria. Ramani hii haichorwi kwa kutembea na kamba kama ulivyonifundisha. Nilikuwa na picha iliyopigwa na ndege upande mmoja, na rejista za miji sita upande wa pili. Agizo lilisema: rejista ikisema kuna kaya, paka kahawia, ikisema sifuri, paka kijivu. Mji wa kwanza uliandika machimboni sifuri, wa pili sifuri, wa tatu haukuandika kitu. Nikavuta ile picha karibu. Niliona paa lako, mjomba. Nililijua kwa lile tangi jeusi lililoinama. Niliona nguo zimeanikwa. Mkuu wetu alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza, "Hapa unapajua?" Nikasema sipajui. Akasema, "Basi fuata rejista." Nikabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Na hilo la vilimani. Siku yangu ya kwanza kazini, wakati wa chakula, kitu kiliibiwa stoo. Mwenzangu wa meza ya pili akasema, "Atakuwa yule mfagiaji, si anatoka machimboni, wale unawajua." Wote wakacheka. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa: "Wewe mgeni unakaa wapi?" Nikasema vilimani, kwa mjomba wangu. Nilikuhamisha na wewe. Miaka sita nimekuwa nikikujengea nyumba kule kwa mdomo. Ina ua, ina mbwa, na wewe umestaafu. Kila wakitaka kuja kukutembelea nawaambia unaumwa.

Ndiyo sababu siji nyumbani. Mwenzangu mmoja anapita barabara ile kila Jumamosi na gari lake.

Sitakuomba radhi kwenye karatasi, kwa sababu umesema karatasi unaisoma mara mbili na sitaki radhi yangu ihesabiwe maneno. Lakini na mimi nina hasira, mjomba, na nitaisema. Kwenye faili la mkandarasi kuna orodha ya mafundi. Nguzo arobaini na mbili za zege, zenye muhuri wa jiji, zilimwagwa mwezi wa kumi na mbili kwenye yadi kando ya reli. Fundi mkuu ametia sahihi. Naijua sahihi ile yenye mkia. Iko kwenye ripoti zangu zote za shule.

Ulizimwaga wewe. Ulijua wakati unanitukana. Ukaniandikia kwamba zimemwagwa vizuri, ukaniambia nisiulize umejuaje. Sasa nauliza.

Rula.


10 Mei

Rula,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ameshafungua mlango. Maneno ya kwanza aliyosema yalinihusu mimi, siyo wewe, na hayaandikiki. Maana barua yako niliisoma kwa sauti, nilidhani inakushtaki wewe, nikafika kwenye nguzo nikiwa nimeshafungua kinywa.

Ndiyo, nilizimwaga mimi. Mkandarasi alisema ni za barabara. Nguzo ya kumi ndipo alipoleta kile chuma cha muhuri, na muhuri una maneno: "Mpaka wa jalala." Nilisoma. Nikajiambia jiji ni kubwa, jalala litakuwa la watu wengine huko. Hivyo tu. Nikachanganya zege la nguzo ya kumi na moja. Nilipoona nguzo yangu mwenyewe imesimama mlangoni kwa mama muuza mkaa, nilitafuta mtu wa kumchukia, nikakupata wewe. Na ulistahili, usifikiri nakufutia. Lakini nilikupiga kwa mikono miwili wakati mkono mmoja ulikuwa wa kujipiga mwenyewe.

Umeuliza, nimejibu. Sasa sikiliza yaliyofuata.

Siku ya pili baada ya barua yako nilichukua nyundo kubwa, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wote wanaona. Nilianza na ile ya mlangoni. Zege langu, Rula, ni gumu! Nilijilaani kwa kila pigo. Mtu mwingine angeiba saruji, nguzo ingevunjika kama biskuti. Mama muuza mkaa akatoka akasema, "Fundi, umechanganyikiwa?" Nikamwambia, "Nimeimwaga mimi, acha niitoe mimi." Watu wakakusanyika. Seremala, tuliyefahamiana naye kabla hujazaliwa, akatema mate chini akaingia ndani. Hakuna aliyenisaidia na hakuna aliyenizuia. Nilivunja kumi na moja kabla ya polisi kufika.

Nimelala mahabusu siku nne na mwizi wa betri, mtu mcheshi sana. Nimetoka kwa dhamana. Sharti ni kwamba nisikaribie mkutano wowote wa mradi mpaka kesi iishe. Na mkutano wenyewe wa kusikiliza wananchi ni tarehe mbili Juni, kwenye ukumbi wa mji wa viwanda. Mwalimu amepita mlango kwa mlango na daftari. Nyumba mia sita na kumi na mbili, watu elfu tatu mia nne na saba, na mtoto wetu ndiye wa saba. Atasimama peke yake mbele ya wakubwa na daftari la mistari.

Mimi siwezi kuingia. Wewe utakuwa ndani, najua, wachoraji huwa mnabeba mashine za kuonyeshea picha. Sikuombi uje kwangu, wala sikuombi unililie. Picha ile ya ndege unayo. Wenye nyumba zao hawajawahi kuiona.

Mjomba wako.


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Najua Mwalimu ameshakusimulia, na mkaza mjomba pia, kwa hiyo una habari mbili tayari. Wao walikuwa upande wa viti. Nakuandikia ya upande wa meza.

Sikukujibu Mei kwa sababu sikujua nitafanya nini. Hata nilipokuwa nafunga mashine kwenye meza ile ndefu sikujua. Mkuu wetu alikuwa ameniambia asubuhi, "Wewe geuza kurasa tu. Ukiulizwa, sema rejista." Mkurugenzi wa mradi alikaa katikati, mbele yake chupa tatu za maji.

Mwalimu alisoma daftari lake vizuri mno, bila kupandisha sauti, nyumba kwa nyumba mpaka ya arobaini. Mkurugenzi akamkatiza. "Mwalimu, tunaheshimu juhudi. Lakini daftari la shule si takwimu. Watu wanaweza kuletwa kwa malori siku ya kuhesabu." Ukumbi ukanguruma. Akainua mkono, akanigeukia akitabasamu, kama mtu anayemwita shahidi wake mwenyewe. "Tunaye mtaalamu aliyechora. Dada, waambie. Kitaalamu, eneo hili lina makazi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni: kwa mujibu wa rejista, halina. Ni kweli kabisa, mjomba, hakuna neno la uongo hata moja humo. Mkaza mjomba alikuwa safu ya tatu na fimbo yake. Hakuniangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua goti lake kwa kiganja, polepole, kama mtu anayengoja mtoto wake aaibike na hataki kuona.

Nikasema, "Lina nyumba. Nimelelewa kwenye mojawapo."

Mkurugenzi akasema, "Samahani?"

"Natoka machimboni. Nilijua pana watu, nikapaka kijivu."

Kisha nikaiweka picha ukutani. Nilikuwa nimeichukua ofisini bila ruhusa. Ilikuwa kwenye begi langu tangu jana yake, nikijiambia nimeisahau humo. Mwanzoni walikuwa hawajui wanaangalia nini. Halafu mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Lile paa langu! Lile lenye tairi juu!" Mwingine, "Kisima kile!" Wakaanza kuinuka, wakaja mbele, wakawa wanagusa ukuta. Seremala akaonyesha karakana yake, akaanza kumweleza askari wa mlangoni ilivyoungua, na askari akawa anasikiliza. Mkurugenzi anasema, "Zima mashine hiyo. Dada, zima." Sikuzima. Mkuu wetu mwenyewe ndiye aliyeinama akang'oa waya.

Taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya picha, na gizani pale mtu alinishika kiwiko. Nilijua kwa fimbo. Mkaza mjomba alisema, "Umekonda," akaenda zake.

Ramani imerudishwa ofisini ikaangaliwe upya. Mimi nimesimamishwa kazi kwa kutoa nyaraka bila idhini. Mwenzangu wa meza ya pili alinisaidia kubeba sanduku langu mpaka getini. Akaniuliza, "Kumbe mjomba wako hana mbwa?" Nilimwangalia vibaya mpaka akaliweka sanduku chini. Nilidhani ningejisikia mwepesi, mjomba, lakini bado nimekasirika. Namkasirikia yeye, mkuu, wewe, zile rejista, na yule msichana aliyesema vilimani akiwa na chakula mdomoni.

Chumba ninachokaa kimelipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sijui.

Rula.


30 Juni

Rula, mpwa wangu,

Marahaba. Hapa kuna uzima. Mtoto ameota jino na anang'ata kila anayemsogelea. Kesi yangu imeahirishwa mpaka Agosti. Mama muuza mkaa amerudi kunisalimu, ingawa bado ananiita Bwana Nguzo mbele ya wateja. Chumba chako kiko wazi. Mkaza mjomba wako ametandika tangu juzi na ananiambia nisikuambie kuwa ametandika.

Hasira yangu kwako haijaisha. Imerudi nyuma ya foleni tu, kwa sababu mbele imeingia nyingine.

Tangazo jipya limebandikwa Alhamisi. Machimboni sasa ni kahawia. Mwalimu alipolisoma watu walipiga vigelegele, seremala akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakohoa. Ngoma ikapigwa kwenye ndoo za rangi. Mimi nikabaki ukutani na miwani yangu, natafuta kijivu kimekwenda wapi, maana taka za watu milioni nne haziwezi kupotea kwa vigelegele. Nikakiona. Ni bondeni, ng'ambo ya reli, nyuma ya viwanda. "Ardhi isiyokaliwa."

Rula, pale wanakaa wafyatua matofali. Nimechukua matofali kwao miaka yote ya kazi yangu. Nawajua mpaka watoto wao. Hakuna nyumba niliyojenga isiyo na mkono wao ndani.

Nikamvuta Mwalimu pembeni. Akasema, "Fundi, tumeshinda. Pumzika." Nikamwambia, "Daftari lako limejifunza kuhesabu mpaka nyumba yako tu?" Aliumia. Tuligombana mbele ya watu wanaocheza, na hatujasalimiana tangu siku hiyo. Labda nilimwonea, maana mimi nilimwaga nguzo ya kumi na moja nikijua. Lakini kwa kuwa nilimwaga, ndiyo maana siwezi kucheza.

Jana nimekwenda bondeni peke yangu. Nikafika nyumba ya kwanza, mwanamke anaosha vyombo uani. Nikamweleza ninatoka wapi na nimekuja kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo ninyi ndio mliolisukuma huku," akainua beseni, akanimwagia maji yote ya vyombo kuanzia kifuani. Nikasimama palepale na punje za wali kwenye shati. Nilikuwa na jibu, sikulitumia. Nikamuuliza kama ninaweza kukaa. Akaniacha nisimame kwanza, muda mrefu, akamaliza sufuria zake zote. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

Wako wengi kuliko sisi. Mumewe anasema karibu kaya mia tisa, na mto ukijaa baadhi wanahamisha nyumba zao, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima pachorwe kiangazi na masika. Hawana mwalimu wala picha. Yule mwanamke ameniambia nisirudi na maneno. Nirudi Jumamosi na mtu anayejua kuchora ramani, mtu ambaye hataogopa kuiweka ukutani.

Nimemwambia ninaye mmoja, ni mpwa wangu, na kwa bahati nzuri kwa sasa hana kazi.

Barua hii nimempa mtu akuletee mkononi, maana kwa posta ingefika Jumamosi imeshapita. Saa mbili asubuhi, Jumamosi, chini ya daraja la reli. Vaa viatu vya matope.

Mjomba wako.